Kapu la Sosi na Mkono wa Pili

Novemba 6, 1994

Daftari hili ni la Emerensiana, mke wa Othmar, Mama Lidia. Asiyeitwa asilifungue.

Mvua ya kwanza imenyesha leo katikati ya mahubiri. Bati za kanisa zikapiga kelele mpaka padri akakaa kitini akangoja. Nimeona ni siku nzuri ya kuanza kuandika. Sista aliyetufundisha kupika kwa kapu alisema kila mpiko uandikiwe tarehe, ili ukiharibika ujue ulikosea wapi. Nitaandika mpiko na mengine pia, maana katika mji huu wa mama mkwe hakuna mahali ninapoweza kusema neno bila mtu kukohoa upande wa pili wa ukuta.

Novemba 10

Mpiko wa kwanza wa msimu. Umetoka vizuri.

Kapu tumelishona wenyewe, mimi na Devotha. Ni kapu la mianzi, kubwa kama la kubebea mahindi mabichi. Ndani tumeshindilia usufi ambao binti yangu Lidia alituletea kutoka Lundo, alikoolewa, tukashonea juu yake blanketi kuukuu, na juu kabisa kuna mto wa kufunikia. Unachemsha maembe robo saa kwa moto mkali, pamoja na kitunguu, tangawizi, pilipili, sukari na siki. Sufuria ikiwa bado inatokota unaitumbukiza kapuni na kufunika gubigubi. Basi, kuni kwaheri. Sosi inajipika yenyewe usiku kucha, taratibu, haiungui wala haishiki chini. Asubuhi unachekecha, unachemsha tena, unatia kwenye chupa na kuziba kwa nta ya nyuki.

Shida ni moja tu, sufuria haitakiwi kupoa njiani. Kutoka motoni mpaka mto ukae juu, tunahesabu Salamu Maria moja. Hilo hatukufundishwa na Sista, tulilibuni mimi na Devotha, na hakuna mwingine anayelijua. Yeye anainua, mimi nimeshafunua kapu. Sufuria ikiingia tunakunja blanketi kushoto kwanza, kisha kulia, tunaweka mto, na tukifika "saa ya kufa kwetu" mmoja anakandamiza kwa goti. Ukisema Amina hujafunika, umechelewa. Mtu mmoja hawezi. Nilijaribu msimu uliopita nikababuka mkono hadi kiwiko.

Devotha ni mjane wa ng'ambo ya bonde, na ndiye mama wa ubatizo wa Lidia wangu. Tumekaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Mtu akiniuliza nina ndugu wangapi, namhesabu naye.

Novemba 13

Leo nimeulizwa na mke wa katekista kwa nini tunajisumbua na maembe wakati kahawa ipo. Kahawa ipo, ndiyo, lakini hakuna anayejua itauzwa wapi. Mwaka huu wanunuzi binafsi wameruhusiwa, wanakuja na magari yao na mizani yao, na ghala la chama cha ushirika kule Kitai limefungwa. Othmar wangu alikuwa karani wa ghala hilo miaka kumi na mitano. Sasa anakaa barazani na redio magotini. Akipita mtu akamwita karani kwa mazoea, anaongeza sauti ya redio.

Lakini mimi sosi siipiki kwa ajili ya kahawa peke yake. Ninakitaka chumba. Bwana Abdulmajid mwenye duka pale Mbinga ana chumba nyuma ya duka lake, kina bomba, kina meko ya matofali, kina mlango wa mbao na kufuli. Alituambia mimi na Devotha tumletee sosi mpaka mwisho wa Februari. Isipoharibika hata chupa moja kwenye rafu yake, chumba kitakuwa chetu cha kupikia, na sosi ataipeleka mpaka Songea. Nimeolewa miaka ishirini na moja na sijawahi kuwa na mlango ninaoufunga mwenyewe. Jiko ninalopikia ni la mama mkwe, kuni ni zake, hata panya wa humo ni wake.

Novemba 21

Mpiko wa pili. Sawa.

Novemba 30

Mpiko wa tatu. Mama mkwe, Bibi Notburga, amesema tena kwamba chakula kinacholala kwenye blanketi ni chakula cha mgonjwa. Nikamjibu kimoyomoyo. Devotha alicheka mpaka akashika mbavu nilipomsimulia.

Desemba 6

Maembe ya kutoka Lundo yamechelewa, gari limekwama mlimani. Othmar ameamka mapema, kanyoa ndevu, kaenda Kitai. Anasema kuna mizani na funguo za kukabidhi. Nilimfurahia. Mwanamume akiwa na safari uso unamchangamka.

Desemba 7

Mpiko wa nne. Mvua mchana kutwa.

Desemba 15

Siku mbaya.

Jana tulipika mpiko wa tano, tukafunika vizuri kabisa, Devotha akaenda kwake. Asubuhi nafika jikoni, harufu imenipokea mlangoni. Sosi imechacha, inatoa povu kama pombe ya siku tatu. Nikatazama blanketi, limekunjwa kulia kwanza kisha kushoto. Sisi hatukunji hivyo. Mtu amefunua usiku joto likatoka, akafunika kwa kubahatisha.

Sasa niambieni, jikoni usiku anaingia nani? Kwetu mwanamume haingii jikoni. Chakula chake kinamfuata sengu, pale wanaume wa ukoo wanapokula pamoja, na Othmar hajavuka kizingiti cha jiko la mama yake tangu alipoota ndevu. Aliyebaki ni mmoja.

Hasira zikanipanda. Nilitoka na sufuria nikaiweka katikati ya ua, wanaume wakiwa wameketi sengu wanakunywa uji, nikamwambia mbele yao wote:

"Mama, kama hunitaki katika mji wako, niambie. Lakini usiniharibie kazi kwa kunyemelea usiku."

Alinitazama kidogo, akamtazama na Othmar, kisha akarudi kwenye mahindi yake akaendelea kupukuchua. Othmar aliinamia bakuli lake la uji. Mjomba mmoja akaguna. Nilijua nimevuka mpaka, mkwe hatukanwi mbele ya sengu, lakini kunyamaza kwake kulinitosha. Asiye na hatia angejitetea.

Devotha alipofika nilimwambia yote. Akanishika bega, akasema wazee wana wivu, nisilie, maembe yapo.

Desemba 16

Mama mkwe hanisemeshi. Salamu namwamkia, "Marahaba" anaitikia, basi.

Desemba 22

Mpiko wa sita. Sasa nalala jikoni, pembeni ya kapu.

Desemba 25

Noeli. Othmar kanunua shati jipya, sijui kwa miujiza gani. Sikuuliza, ni sikukuu. Devotha alikula kwetu. Mama mkwe alikula chumbani kwake.

Januari 3, 1995

Othmar Kitai tena. Hilo ghala lina funguo ngapi?

Januari 9

Stephano, mume wa Lidia, ametuma ujumbe na dereva wa maembe. Siku za Lidia zimekaribia, na ni mimba ya kwanza. Lazima niteremke Lundo.

Nimeenda kumuaga Devotha. Nikamwambia asipike mpaka nirudi, chupa zilizoko dukani zitatosha.

"Nitapika na nani?" akasema. "Nenda kamlee mwanetu."

Mwanetu, ndivyo alivyosema. Akanifungia na vitumbua vya njiani.

Januari 12, Lundo

Joto la huku si mchezo. Usipa, dagaa wa ziwani, wameanikwa hadi mlangoni, na jioni ziwa linatoa ubaridi kidogo, watu wote wanatoka nje kuufuata. Chini ya miembe maembe yanaoza, hakuna anayeyaokota. Kila nikipita roho inaniuma.

Januari 19, Lundo

Lidia amejifungua salama, mtoto wa kike, alfajiri. Uchungu ulikuwa wa siku nzima na usiku mzima, nilidhani nitampoteza. Alipotulia akaniambia mtoto ataitwa Devotha, jina la mama yake wa ubatizo. Nimelia kwa furaha. Nikamwambia hukukosea hata kidogo.

Januari 27, Lundo

Mvua. Barabara imekatika mlimani. Naosha nepi tu.

Februari 4

Nimerudi.

Gari lilinishusha Mbinga mchana. Nikasema nipite kwa Bwana Abdulmajid nimsalimie, nikatazame na rafu yetu. Nilipoondoka palikuwa na chupa saba. Leo nimekuta kumi na tisa. Bwana Abdulmajid ni mtu wa heshima, wazazi wake walitoka Kilwa, haongei haraka. Akaniuliza habari za uzazi, akamtumia Lidia hongera, ndipo akasema:

"Ule mzigo wa juzi, mama, unakwenda vizuri sana. Mashallah."

Mzigo wa juzi. Juzi mimi nilikuwa Lundo natoa nepi kwenye kamba.

Nikamwomba nionje. Ni yenyewe. Tangawizi imetiwa mwanzo, kitunguu kimelainika kikapotea, embe halina hata uzi. Haiwezi kupikwa hivi bila kapu. Sikusema kitu. Nikauliza tu nani aliileta, akasema ni mwenzangu Devotha, naye ameniachia salamu.

Februari 5

Nimemuuliza Devotha baada ya misa. Alinikumbatia kwanza, akauliza mtoto anafanana na nani. Kisha akasema ndiyo, alipika mara mbili, maembe yalikuwa yanaharibika, akaona haya kuniangusha.

"Ulifunika na nani?"

"Peke yangu. Nimeshazoea."

Nikamshika mikono nikaigeuza kama natazama bangili. Haina hata lengelenge moja. Mikono laini kama ya bibi arusi. Nikamwachia.

Nimemwambia jina la mtoto. Akasema, "Asante sana, Mama Lidia," na machozi yakamtoka. Nilidhani ni ya furaha.

Februari 6

Mkono wa pili ni wa nani?

Februari 8

Nimewapitia wote kichwani. Mke wa katekista mdomo wake haufungi, ningeshasikia. Wajukuu wa jirani yake ni wadogo. Mama mkwe hawezi kuinua sufuria ile kwa kiuno chake, na Devotha hawezi kumwamini mama mkwe wangu. Au anaweza? Siku hizi sijui nani ananichukia kiasi gani. Nikimwangalia Bibi Notburga anapukuchua mahindi, nasema ni huyu. Kisha anapanguza mikono, ananisogezea sehemu yangu ya mboga bila neno, nachanganyikiwa.

Februari 9

Othmar Kitai. Mvua.

Februari 16

Leo nimeujua mkono wa pili.

Tulipanga kupika, mimi na Devotha. Nilitaka nimwone akifanya kazi, labda nitasoma kitu usoni mwake. Maembe nikamenya tangu asubuhi, sufuria ikajaa hadi shingoni, moto mkali, inatokota. Ndipo kikaja kijibarua kwa mpita njia: Devotha ana malaria, hawezi kuvuka bonde. Mama mkwe alikuwa msibani. Ua mzima alikuwapo Othmar peke yake barazani na redio.

Nikasimama na vitambaa vya kushikia mkononi. Ningeipoza, maembe yote yangepotea. Nikapiga kelele:

"Baba Lidia, njoo unishikie sufuria. Ni mara moja tu."

Nilidhani ataguna. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumbembeleza, na ya kumweleza simama hapa, shika hivi. Redio ikazimwa. Akavuka kizingiti. Miaka ishirini na moja, nami nikaona mguu wa mume wangu ukikanyaga majivu ya jikoni.

Akavichukua vitambaa mkononi mwangu, akavikunja mara mbili, akapiga goti moja, akainua sufuria bila kumwaga hata tone. Mimi ndiye niliyechelewa kufunua kapu. Akasubiri kidogo nifunue, akaitumbukiza. Akakunja blanketi kushoto. Akakunja kulia. Mkono wake ukanyooka kuupokea mto kabla sijampa. Na midomo yake ilikuwa inacheza. Kwanza nilidhani anapuliza mvuke. Nikasogea. Alikuwa anasali Salamu Maria, taratibu, kwa mwendo ule ule wa Devotha, anavuta pumzi pale pale Devotha anapovuta. Alipofika "saa ya kufa kwetu" akakandamiza mto kwa goti.

"Amina," akasema.

Kisha akajipangusa mikono kwenye suruali, akatoka, na redio ikawashwa tena. Hakujua amefanya nini. Masikini wa Mungu, kazi ilikuwa imeshamwingia mikononi, alisahau kwamba kwangu alipaswa asiijue.

Sikuweza hata kuketi. Nilisimama jikoni mpaka moto ukafa. Miaka yote hiyo nimebeba maji, kuni, sufuria za sherehe za watu mia, nimepika na mimba ya miezi minane, na mume wangu anapita nje ya ukuta ananiuliza chakula tayari. Nilisema ndiyo desturi, nikamheshimu kwayo. Kumbe ana mikono. Kumbe anajua kupiga goti mbele ya meko. Aliyapeleka yote hayo ng'ambo ya bonde.

Februari 17

Sosi ya jana imetoka nzuri. Nimeichekecha huku nalia, nikatia chupa kumi.

Mama mkwe alirudi msibani akanikuta hivyo. Aliketi kwenye kigoda chake. Tangu Desemba hakuwahi kuanza yeye kunisemesha, leo ameanza.

"Umeshajua," akasema.

Nikamuuliza yeye alijua tangu lini. Akasema tangu usiku ule wa Desemba. Alisikia kapu linafunuliwa, akatoka na koroboi, akamkuta Othmar ameinama anatazama blanketi linavyokunjwa. Othmar alimsihi asiseme. Asubuhi sosi ikachacha, nami nikamtukana mbele ya sengu.

"Kwa nini hukujitetea, mama?"

"Ningejitetea ningemtaja. Nikaona heri unitukane mimi. Mimi ni mzee, matusi yanapita. Yeye hana kazi, hana jina, angebaki na nini?"

Alisema pia kwamba mwanzoni alidhani labda mimi ndiye niliyemtuma ajifunze kwa siri, kwa sababu ya aibu ya wanaume. Baadaye akasikia harufu ya tangawizi inarudi naye kutoka hiyo Kitai yake, na mimi niko Lundo.

Nilipiga magoti nikamwomba msamaha. Akanipangusa uso kwa kanga yake, mkono mkavu kama gunzi. Huyu ndiye mtu niliyelala jikoni usiku baada ya usiku nikimlinda asiniharibie kazi.

Februari 18

Nimemsubiri Othmar mpaka amalize kula, nikamwita chumbani nikafunga mlango. Nilimwambia nimeuona mkono wake. Hakukataa. Alikaa ukingoni mwa kitanda akitazama viatu.

Alinieleza kwa vipande vipande. Bwana Abdulmajid alikuwa akimjua tangu enzi za ghala, alimwambia biashara ya Songea inataka mtu wa kuandika barua na kusimamia mzigo. Devotha akasikia. Akamwambia Othmar njoo wewe uwe meneja, huyu mwenzangu tutamwambia baadaye, kwa sasa atakuonea aibu. Wakaanza. Chumba wamekwishakipata, hata Februari haijaisha. Bwana Abdulmajid aliambiwa wiki iliyopita kwamba mimi nimeacha, nalea mjukuu.

Nikamuuliza lile ambalo kila mwanamke angeuliza.

"Ulilala naye?"

"Sikulala naye. Naapa kwa kaburi la baba."

"Sasa ulifuata nini?"

"Kazi," akasema. "Kule nilikuwa na kazi, Mama Lidia."

Namwamini, na hilo ndilo linaloniua. Angekuwa amelala naye ningejua pa kulilia. Ningekwenda kwa wazee, kwa padri, kwa shangazi zake, kila mtu angenipa pole yake. Nani atanipa pole kwa sababu mume wangu alimwinulia mwanamke mwingine sufuria? Alitaka kazi. Kazi ilikuwa hapa, hatua kumi kutoka kwenye redio yake, nami nilikuwa naungua mikono kwa kukosa mtu.

Nimemwambia ahamie banda la sengu. Ameondoka na blanketi.

Februari 20

Nimeenda Mbinga. Devotha hakuwa na malaria wala mafua. Alikuwa katika chumba chetu, mlango wazi, anamenya. Kapu lililoshonwa kama letu liko pembeni ya meko, na la pili, jipya, limeshonwa nusu.

Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, kwenye matope, na nilipomwona yote yakanitoka. Nikasema tu, "Devotha, mimi?"

Hakusimama. Aliendelea kumenya mpaka embe likaisha mkononi mwake.

"Wewe una mume," akasema. "Una mama mkwe, una binti, una mjukuu. Mimi nikifunga mlango wangu jioni nazungumza na kuku. Chumba kimoja, Emerensiana. Hicho tu ndicho nilichokitaka."

"Tulikitaka wote wawili."

"Kufuli lina ufunguo mmoja."

Nikamwambia angeniomba, ningempa. Akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza, akasema hapana, nisingempa. Hilo ndilo nililotembea nalo hadi nyumbani, kwa sababu sijui kama alidanganya.

Machi 1

Jumatano ya Majivu. Padri alinipaka nikiwa wa kumi kutoka kwa Devotha kwenye mstari. Hatukutazamana.

Machi 5

Kwenye rozari ya jumuiya nimeshindwa kusali. Kila Salamu Maria naona goti la Othmar. Nikasema naumwa kichwa, nikatoka nje kwenye manyunyu.

Machi 9

Bwana Abdulmajid amepanda mlima hadi kwetu, viatu mkononi, suruali imekunjwa. Bibi Notburga alimpa kigoda na maji ya kunawa miguu.

Chupa zimeharibika dukani. Vizibo vimeruka, rafu nzima imetapakaa, mteja mmoja karudisha na maneno. Ni za mipiko miwili ya mwisho ya wale wawili. Anasema walikuwa wameanza kuzozana nani jina lake liandikwe kwenye barua za Songea, na mkewe Mwanahawa aliwasikia kwa dirisha siku moja wakibishana sufuria ikiwa imesimama katikati yao. Zile kumi zangu za Februari, nilizomwachia Mwanahawa dukani siku nilipomfuata Devotha, ambazo yeye hakujua ni zangu mpaka Mwanahawa alipomwambia, ziko salama.

"Mimi nilisema isiharibike hata moja," akasema. "Niliambiwa umeacha, mama. Nilitakiwa nikuulize mwenyewe. Hilo kosa langu."

Akanipa ufunguo, ule ule mmoja, ameuchukua kwa Devotha. Mdogo, wa shaba, una kamba ya kiatu. Nikamwambia sitaki mtu mwingine humo, wala Devotha wala Othmar. Akasema chumba ni changu, yeye hapangi.

Niliusubiri tangu mvua za kwanza. Nikaushika nikasubiri furaha ije.

Machi 10

Bibi Notburga amesema atakuwa mkono wangu wa pili. Kuinua hawezi, lakini kufunua, kukunja na kuweka mto anaweza. Nimemfundisha kwa sufuria ya maji baridi, mara sita. Ananigombeza kwa kuhesabu haraka. Tumecheka.

Othmar bado analala sengu. Jana aliacha mzigo wa kuni mlangoni pa jiko. Nimezipikia, sikumshukuru.

Machi 14, Mbinga

Nipo chumbani kwangu.

Nilishuka jana na maembe ya mwisho ya Lundo, mengine hadi Novemba. Bibi Notburga alikuwa aje leo kwa gari la asubuhi. Nikamenya, nikakata, nikawasha moto kwa saa tuliyopatana. Mvua ikaanza kubwa. Sufuria ikaanza kutokota ndipo Mwanahawa akapita dirishani kuniambia daraja limefunikwa na maji, hakuna gari linaloshuka, naye akakimbia msibani kwao. Robo saa ikafika. Nikiiacha motoni itashika chini, nikiitoa itapoa.

Mlango ukagongwa.

"Mama Lidia." Nilimjua Devotha kabla hajasema. "Nilikuwa sokoni, nimesikia Bibi hakufika. Nifungulie tufunike, halafu nitaondoka. Sitasema kitu."

Nilikuwa nimeshika vitambaa. Kapu lilikuwa wazi. Ni mtu mmoja tu katika Mbinga nzima anayeweza kazi hii bila kuambiwa, naye alikuwa nje ananyeshewa. Nilimsikia anavyohema, amekimbia. Nikafika hadi kwenye kufuli. Nikauweka ufunguo ndani yake.

"Fungua, mwenzangu. Inapoa."

Nikautoa ufunguo. Nikarudi, nikaiteremsha sufuria sakafuni, nikaketi kando yake. Devotha hakuondoka. Aligonga tena mara mbili, kisha akaketi naye upande wa pili, nilimsikia mgongo wake ukiegemea mbao. Povu lililala. Mvuke ukapungua. Baada ya muda niliweza kuweka kiganja juu ya mfuniko nisiungue.